Hati Kifuani

Montreal, 5 Januari 2025

Dada Médiatrice,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, na maji yamerudi kwenye bomba. Hapa theluji imefika kwenye madirisha ya chini. Ghalani kuna joto na zamu zangu ni zilezile. Nimeiona picha ya Carmel akiwa na sare ya shule. Mwanao amekupita urefu, na najua hilo hulifurahii.

Visa ya Afrika Kusini imetoka, dada. Mara ya tatu wamekubali. Wameibandika kwenye ukurasa wa saba wa hati yangu ya kusafiria: kuingia mara moja tu, kabla ya mwisho wa Juni. Likizo nimeshaomba. Nitatua Johannesburg Jumamosi tarehe 14 Juni. Tangu mwaka 2018 sijamwona Mama. Msomee sehemu hii, umsomee na tarehe, na usimwambie tena "labda".

Sehemu inayofuata isome peke yako kwanza.

Mapema Machi nitasafiri wiki moja na marafiki wa kazini. Gradi anatimiza miaka arobaini. Huyo ni Mkongo wa Lubumbashi, mkuu wa zamu yetu, ndiye anayepanga kila kitu. Pacifique unamjua, mtoto wa yule fundi viatu wa Bwiza, anayecheka kabla hajamaliza kusimulia. Tutapanda meli ya watalii Guadeloupe, itupitishe visiwa vya Karibea, kila siku kisiwa kipya. Kwenye visiwa vingine watu hushuka na kupanda mashua ndogo za matanga. Wafaransa wamenipa visa ya kupitia kwao, na visiwa vingine havimsumbui abiria wa meli anayeondoka siku hiyohiyo. Nimeuliza.

Najua utakachosema. Sema tu.

Mdogo wako,
Armel

*

Berea, 15 Januari 2025

Mdogo wangu Armel,

Sisi tupo. Maji yanakuja alfajiri, tunajaza ndoo. Lifti imekufa tangu Krismasi na ghorofa ni ya tisa, kwa hiyo nikitoka kushona Jeppestown nafika juu sina hata pumzi ya kumgombeza Carmel. Ananielewa vizuri kabisa lakini ananijibu kwa Kiingereza.

Mama nimemsomea. Alipiga vigelegele mpaka Célestine, yule msusi wa Uvira tunayepanga naye, akatoka chumbani kwake na mkono umejaa mafuta ya nywele. "Nani anaolewa?" Mama akamwambia, "Haolewi mtu. Anakuja wangu." Tangu hapo kila mgeni anaambiwa tarehe 14 Juni. Unajua kwa nini nakutaka uandike badala ya kupiga simu: akisikia sauti yako halali, lakini barua huniomba nirudie, na kila mara anaifurahia upya.

Siku hizi anamwita Carmel "Joséline", jina la marehemu dada yake. Carmel anaitika. Juzi alitia chumvi kwenye chai, akaonja, akatia tena. Tulicheka, naye akacheka. Kliniki hatujampeleka. Mlangoni kuna watu wanaosimama na kudai vitambulisho kwa kila anayezungumza lugha isiyo yao, na sitaki kumpitisha Mama katikati yao. Ni uzee. Lakini uje Juni, Armel. Usisogeze hata siku moja.

Sasa hiyo meli. Huwezi kuogelea. Ulikulia kilomita mbili kutoka ziwani na maji yalikufika magotini tu. Hilo nimelisema na silirudii.

Nitakalorudia ni hati. Ukurasa wa saba ni wa Mama. Usiiache chumbani melini. Usimkabidhi mtu wa mapokezi hata akitabasamu. Unakumbuka tulivyoishi hapa: karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko kifuani chini ya shati, hata kama ni kwenda kwenye kiduka cha spaza kununua mkate. Cyriaque wa ghorofa ya tatu alishuka kutupa takataka akaiacha yake mezani. Polisi walimpandisha kwenye gari pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani, mkewe akamtafuta wiki nzima. Chumba cha meli kina funguo ngapi? Kwa hiyo hati isitoke mwilini mwako, iwe baharini, iwe nchi kavu. Niahidi kwa maandishi.

Dada yako,
Médiatrice

*

Saint Lucia, 4 Machi 2025

Dada,

Salamu kutoka kwenye joto. Ahadi uliyoitaka: hati iko kifuani, ndani ya mfuko, mfuko umefungwa kwa kamba shingoni. Naoga nao. Wenzangu wote wameziacha za kwao kwenye kisanduku cha chuma chumbani, chenye namba za siri, wanashuka na kadi ya meli tu. Jana Pacifique alinikuta nikijipapasa kifua katikati ya chakula.

"Armel, huyo mtoto unamnyonyesha mara ngapi kwa siku?"

Gradi akamjibu, "Mwache. Wewe hukuishi Johannesburg."

"Nimeishi kambini miaka kumi na moja!"

"Kambini ulikuwa unatoka kwenda wapi?"

Meza nzima ikacheka, nami nikacheka.

Msimulie Mama kuhusu meli. Ni kama jengo lenu la Berea lililolazwa chini, ila lifti zake zinafanya kazi, zote nane. Leo tulishuka tukapanda mashua kubwa yenye matumbo mawili na wavu katikati. Walipozima injini na kupandisha tanga, kelele zote zilikatika. Ukasikia kamba, maji, na Pacifique. Nilikaa kwenye wavu, bahari inapita chini yangu. Ile nusu saa ya kwanza nilikuwa nimeshika wavu kwa mikono yote miwili. Baadaye niliachia mkono mmoja. Nahodha, mama mmoja mnene mwenye miwani ya jua, alinipa usukani. Aliniambia nisiangalie mashua, niangalie ninakokwenda. Sijawahi kuendesha chombo chochote, dada, hata baiskeli ya mtu. Niliiendesha hadi akanipokonya.

Keshokutwa tutakuwa Grenada. Huko mashua ni ndogo, watu wanne na mwalimu. Intaneti ya melini ni ghali, nitawaandikia tukirudi Guadeloupe Jumapili.

Armel

*

Berea, 13 Machi 2025

Armel,

Tuko wazima. Carmel ana mitihani. Mama anakula vizuri.

Jumapili imepita, leo ni Alhamisi. Nimeangalia ratiba ya meli yenu kwenye simu ya Célestine: ilifunga gati Guadeloupe tarehe 9 asubuhi, ikaondoka jioni na abiria wapya. Simu yako haiiti. Namba ya Gradi siijui. Kwa Pacifique nilipata namba kupitia shangazi yake, nikapiga. Alipokea, akasikia ni mimi, akasema "Dada, niko kwenye handaki," na kukata. Nikapiga tena, hakupokea. Montreal kuna handaki refu kiasi hicho?

Mama ananiuliza kila asubuhi kama barua imefika. Nimemwambia bado uko melini. Sipendi kumwambia hivyo.

Nijibu hata kwa neno moja.

Médiatrice

*

15 Machi 2025

Dada yangu mpendwa,

Samahani kwa kukuweka roho juu. Mimi mzima kabisa, sikuugua, sikuumia. Nimeongeza siku chache tu za mapumziko, jua ni kali na watu ni wakarimu. Mwenyeji wangu hapa anapika ndizi kama zetu. Simu iliingia maji, ndiyo maana. Mwambie Mama namkumbuka sana.

Nikifika Montreal nitaandika barua ndefu.

Armel

*

Berea, 16 Machi 2025

Armel,

Salamu zote zimefika, na jibu lake ni kwamba tupo. Barua yako sijamsomea Mama.

Nimefanya kazi ya habari redioni Bujumbura miaka kumi na minne. Nimesoma taarifa za watu wengi waliosema wako salama. Hukuandika mahali ulipo, na wewe huandika mahali kabla ya tarehe tangu darasa la nne. Umeniita "dada yangu mpendwa", hujawahi. Gradi hakuwapa likizo zaidi ya wiki, uliniambia mwenyewe mwezi wa Kwanza ukilalamika. Una "mwenyeji", kwa hiyo hupo hotelini. Ndizi kama zetu hazipikwi kwenye meli. Uliachwa kisiwani, au ulishushwa.

Sikuulizi kwa hasira. Nijibu mambo matatu: uko nchi gani, nani anajua kwamba uko hapo, na hati iko wapi.

Médiatrice

*

Montreal, 27 Machi 2025

Dada,

Nimefika nyumbani jana. Nyote natumaini hamjambo. Barua hii usimsomee Mama.

Nilikuwa Grenada. Tarehe 6 tulipanda mashua ndogo ya matanga, mimi, Gradi, Pacifique na mpishi mmoja Mreno wa meza yetu, pamoja na mwalimu. Tulikuwa na makoti ya kuelea. Upepo ulikuwa wa kawaida. Tulipokuwa tunageuza tanga, Pacifique alisimama ajipige picha, mashua ikalala ubavu, sote majini. Hakuna aliyeumia. Koti lilinishika. Mwalimu alikuwa anacheka, Gradi anatukana kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na mimi nilimeza maji nikagundua kwamba sifi. Tulikaa majini kiasi cha kuchemsha maharage kabla ya kuinyanyua mashua. Mfuko ulikuwa kifuani. Kamba yake ilikuwa imeukata pembeni, tundu la kupitisha kidole. Sikuuangalia. Nilijua kwa uzito wake kwamba maji yameingia.

Lililofuata ndilo sikuweza kuliandika. Ningeweza kupanda meli, dada. Getini pale bandarini alisimama askari mmoja, anapunga tu mkono watu wapite. Gradi alionyesha kadi ya meli akapita. Mpishi akapita. Pacifique akapita akiimba. Kadi ya meli nilikuwa nayo mkononi. Hakuna aliyeniuliza kitu kingine. Lakini nilipoiona ile sare, mkono ulikwenda wenyewe kifuani, ukatoa hati, ukampa.

Maji yalimwagika kwenye viatu vyake. Alicheka kwanza. Halafu akafungua. Wino wa mihuri ulikuwa umechanganyika, ukurasa wa picha umevimba, visa ya Wafaransa imebaki nusu, na visa ya ukurasa wa saba ilikuwa imebanduka yote, inaelea kati ya kurasa kama stempu. Akamwita mkubwa wake. Yule bwana alikuwa na adabu, alinipa kiti na chai. Akanieleza kwamba visa iliyobanduka na visa ya kughushi, yeye hana macho ya kuzitofautisha, na akishaiona hawezi kusema hakuiona.

Meli inaondoka saa kumi na moja. Gradi alikimbia chumbani kwangu, akarudi mpaka kwenye ngazi ya meli, wakamzuia kushuka. Akanirushia begi.

"Armel! Ulimpa ya nini?"

Nililiokota begi.

"Alikuuliza? Nakuuliza, alikuuliza?"

"Hakuniuliza."

Pacifique alikuwa nyuma yake. Ngazi ikavutwa.

Walinipangia nikae kwa mama mmoja mzee anayekodisha vyumba, niripoti kila asubuhi. Wakawasiliana na ubalozi wa Kanada. Kadi ya ukaazi wa Kanada ni ya plastiki, haikudhurika, ndiyo iliyonirudisha pamoja na barua ya ubalozi.

Hati imechukuliwa kufutwa. Nimeomba mpya leo asubuhi. Visa imekwenda nayo. Ya Juni sijui.

Armel

*

Berea, 9 Aprili 2025

Armel,

Nimeipata barua yako na imechukua siku kadhaa kabla sijaweza kuijibu. Carmel amefaulu yote isipokuwa Kizulu. Célestine anakusalimu.

Ungeiacha kwenye kisanduku cha chuma. Wenzako wote waliziacha na wamerudi kazini na hati zao kavu. Mtu anapanda mashua ya kupinduka na kitu kama hicho mwilini? Na kama ilishalowa, ungepita kimya. Kadi ilikuwa mkononi. Nimekaa nchi hii miaka kumi, na hata mimi najua askari asiyeuliza haongezewi kazi.

Sasa fanya haya. Omba hati kwa dharura, eleza kwamba mama yako ni mgonjwa. Waandikie watu wa visa leo, si kesho, uwaulize kama wanaweza kuirudisha ileile bila maombi mapya. Nitakutumia barua ya mwaliko upya, imepigwa muhuri.

Umenisoma sawasawa, nimeandika mgonjwa. Andika hivyo tu kwenye maombi.

Mama nimemwambia uko kazini sana.

Médiatrice

*

Montreal, 2 Mei 2025

Dada,

Ndiyo, dada. Ningeiacha kwenye kisanduku.

Hapa theluji imeyeyuka. Gradi ananipa zamu za Jumapili ili nipate siku za kufuatilia. Pacifique hanitazami usoni. Ananiletea chakula kila mchana, anakiweka mezani, anaondoka.

Majibu ni haya. Dharura wamekataa: wanataka cheti cha daktari kinachosema mgonjwa yuko katika hali ya hatari. Watu wa visa wanasema hati mpya, maombi mapya, alama za vidole upya. Nitumie cheti. Uliandika mgonjwa, nami nimekuuliza mara mbili kwa ujumbe ana nini, ukanijibu "uzee". Uzee hauna cheti. Alitoka peke yake mwezi uliopita? Carmel aliniandikia kitu kama hicho kisha akakifuta.

Nieleze.

Armel

*

Berea, 15 Juni 2025

Armel,

Baridi imeanza. Tunalala na makoti.

Uliniuliza. Mama alitoka kidogo mwezi wa Nne, akashuka ghorofa zote tisa kwa miguu yake. Célestine alimkuta kwenye robot na kapu, anaelekea soko la Buyenzi, kama vile bado tuko Bujumbura. Alirudi vizuri. Daktari hajamwona bado, nimekueleza kuhusu mlango wa kliniki.

Jana ilikuwa tarehe 14. Nilikuwa nimeshamwambia mara nyingi kwamba safari imesogezwa. Vitu vingi vinampita, hicho hakikumpita: niliamka nikamkuta amevaa kitenge cha kijani, amejifunga kilemba, amekaa kwenye kiti alichokisogeza mlangoni.

"Mama, leo haji."

"Umesoma vibaya. Ni tarehe 14."

"Alipata tatizo la karatasi."

"Armel wangu ana karatasi. Ukurasa wa saba."

Alilikumbuka hilo. Carmel akamletea chai, akaipokea akiwa palepale. Kila aliyepanda ngazi, Mama alimwitikia akidhani ni wewe. Mpaka jua likaingia dirisha la jikoni hakutoka kwenye kiti. Kisha akaondoa kilemba mwenyewe, akakikunja, akaniambia kwa Kirundi kwamba barabara lazima imeharibika.

Hati imefika wapi?

Médiatrice

*

Montreal, 7 Septemba 2025

Dada,

Wote hamjambo? Uliponiandikia mara ya mwisho ilikuwa Juni. Nimeandika mara nne. Umenijibu ujumbe mmoja tu, "tupo".

Hati mpya ilitoka Julai. Visa nimeipata Ijumaa. Nina tiketi: natua Jumamosi tarehe 11 Oktoba saa moja asubuhi, nitakaa wiki mbili na nusu. Wakati huu sitaki umwambie Mama tarehe mpaka uwe umeniona kwa macho.

Mtu akinipigia simu ghalani nadhani ni wewe na habari. Juzi Gradi aliniita kwa kipaza sauti, alikuwa anatafuta funguo za gari, nami nikakaa chini sakafuni. Dada, kama kuna jambo, niambie kabla sijapanda ndege. Usiniache nilikute mlangoni.

Armel

*

Berea, 19 Septemba 2025

Armel,

Carmel mzima, Célestine mzima, mimi kiuno tu kinauma.

Nakuandikia mambo kama yalivyo. Muuguzi mmoja wa kanisani alikuja nyumbani Julai akamwangalia Mama, halafu akatupatia daktari binafsi. Mwili wake ni mzuri, moyo mzuri, anakula. Akili ndiyo inaondoka. Haitarudi, na dawa waliyotupa ni ya kumtuliza tu. Ilianza kabla ya Krismasi iliyopita. Nilijua Januari. Nilidhani utafika Juni, umkute bado anakujua, na kwamba kukueleza mapema ni kukukosesha usingizi bure.

Juni alikuwa anakujua. Tangu Julai hajalitaja jina lako. Nikimsomea barua zako anasikiliza kwa adabu, kama mtu aliyekaa karibu na redio ya jirani. Wiki iliyopita aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Carmel bado ni Joséline, huyo hajapotea.

Hajui unakuja, na nikimwambia hatajua ni nani anayekuja. Ukitaka kurudisha tiketi nitaelewa, sitakusema kwa mtu. Ukija, usimbane akutambue. Inamtisha.

Hati iweke utakapoona wewe panafaa.

Médiatrice

*

Berea, 2 Novemba 2025

Mdogo wangu Armel,

Lifti imetengenezwa siku mbili baada ya wewe kuondoka. Célestine anasema walikuwa wanasubiri mbebaji wetu wa ndoo aende zake.

Ulipokuwa jikoni ile Jumatano ya kwanza, unamkorogea uji, Mama alinivuta mkono akaninong'oneza. "Huyu kijana ana mkono mwepesi. Kunikata kucha hakuniumiza hata kidogo. Ni wa nani?" Nikamwambia ni wa watu wa Buyenzi. Akasema ndiyo maana, wamemlea vizuri. Sikukusimulia siku zile kwa sababu ulikuwa unajitahidi usionyeshe lolote, nami nilikuwa najitahidi vilevile, na nyumba ni ndogo.

Siku ya kuondoka ulimsikia mwenyewe alivyokufukuza. Ulikuwa umepiga magoti unamfunga soksi, gari linasubiri chini, nawe huendi. Akakupiga bega. "Inuka, mwanangu. Giza linaingia. Nenda, mama yako ana wasiwasi." Ilikuwa saa nne asubuhi. Ukamjibu "Ndiyo, Mama," ukachukua begi. Nilisikia hatua zako zikisimama ghorofa ya saba, zikakaa, kisha zikaendelea. Sikutoka.

Tangu hapo amepata jambo moja la kushika, na halimpiti. Kila alasiri, jua likigusa dirisha la jikoni, anaacha anachofanya na kuniuliza kama yule kijana alifika kwao. Anauliza akiwa na hofu kweli, mikono inapapasa kitenge. Namwambia alifika, mama yake alimpokea mlangoni. Hapo anatulia na kuomba chai.

Leo ni siku ya tano, Armel, na hujaandika kwamba umefika. Andika, nisiendelee kumdanganya.

Dada yako,
Médiatrice